Malalamiko Dhidi ya Karata Mbili Zilizoketi na Karata Yangu Nzuri

Mwl. Gozbert Kyaruzi (Mstaafu),
Izimbya,
Bukoba Vijijini.
14 Mei

Bi Ephrasia, Msomaji wa Karata,
Chumba cha nyuma, duka la ushonaji la Benadetha,
Miembeni, Bukoba.

Mwanafunzi wangu wa zamani, Bi Ephrasia,

YAH: KARATA MBILI ZISIZO NA ADABU

Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kazi yako ya kuwaambia watu wazima mambo yao wenyewe inaendelea vizuri. Mimi ni mzima, kwa kiasi cha mtu aliyedhulumiwa. Kahawa imeanza kuiva, mvua bado zinanyesha, na mke wangu Adventina hajambo. Angekusalimu, ila hajui kwamba nakuandikia, wala hajui kwamba tuliwahi kuonana mimi na wewe na meza yako. Ningependa ibaki hivyo, kwa kuwa mimi ni mzee wa kanisa.

Kwanza tuweke kumbukumbu sawa. Sikuja kwako kupigiwa ramli. Nilikuja kwa Benadetha kupunguziwa kiuno cha suruali. Mvua ikanyesha, Benadetha akasema nijisitiri chumba cha nyuma, na huko nyuma nikakukuta wewe na kitambaa chako cha zambarau. Ukaniamkia vizuri, ukasema, "Karibu Mwalimu, chagua karata." Mtu aliyefundisha miaka thelathini na minne akiambiwa achague jibu, anachagua. Nikauliza swali moja tu, tena kwa sauti ya chini: binti yangu Joyness, ambaye hajakanyaga kwangu tangu aolewe na Yunus wa Muleba miaka minne iliyopita, atakuja lini nyumbani? Nikavuta karata kwa mkono wangu wa kulia, na likatoka Jua.

Jua, Ephrasia! Jua kubwa la njano lenye uso wa mtu aliyeshiba, alizeti juu ya ukuta, na mtoto mdogo amepanda farasi mweupe. Wewe mwenyewe ulisema kwa kinywa chako kwamba katika karata zote sabini na nane hakuna iliyo njema kuipita hiyo. Hapo ndipo ulipopaswa kunyamaza. Badala yake ukaweka nyingine kushoto, ukaweka nyingine kulia, ukaanza kuzisoma zote tatu kwa pamoja, na tangu siku hiyo sina amani. Malalamiko yangu ni haya.

1. Kuhusu ukaaji. Sikuomba karata tatu. Mwanafunzi akipata tisini katika hesabu, mwalimu haulizi aliyekaa naye dawati moja amepata ngapi. Wewe ulipopata alama kumi na nane darasa la sita, ukiwa umekaa katikati ya watoto wawili wenye akili nyingi, sikukuongezea hata nusu alama kwa ajili ya majirani. Nadhani unakumbuka, maana mama yako alikuja shuleni. Sasa iweje Jua langu lipunguziwe alama kwa sababu ya majirani? Utaniambia samaki mmoja akioza huoza wote. Methali hiyo nimekufundisha mimi, na inahusu samaki.

2. Kuhusu mtu wa joho. Kushoto kwa Jua uliweka mtu mrefu aliyevaa joho jeusi, kainamisha kichwa, na mbele yake vikombe vitatu vimemwagika. Ukanieleza kwamba Jua likikaa na huyu, maana yake furaha ipo ila mwenyewe ameipa mgongo, kwa sababu nyuma yake kuna vikombe viwili vimesimama vizuri naye hajageuka kuvitazama. Kisha ukanitazama mimi. Naomba ieleweke kwamba mimi sina joho.

Naomba ieleweke pia kwamba vilivyomwagika vilimwagika kweli. Nilikuwa nimeshapanga harusi ya Joyness katika usharika wetu. Kwaya ilikuwa imeanza mazoezi. Mchungaji alikuwa ameniahidi kwamba siku hiyo hatahubiri zaidi ya nusu saa, ahadi ambayo hakuwahi kuitoa kabla wala baada. Kilichokuwa bado hakijapatikana ni bwana harusi tu. Mtu aliyepoteza mahubiri mafupi namna hiyo ana haki ya kusimama na kuyalilia bila kuulizwa nyuma yake kuna nini.

Na ulisema kwamba vikombe vile viwili ni Joyness na mtoto. Mtoto yupi? Sikuwa nimekutajia mtoto. Najua yupo, maana Bukoba nzima inajua yupo. Kwangu tu ndiko hatajwi, na hatajwi kwa sababu nilikataza. Hata jina lake silijui. Hilo halikupi wewe ruhusa ya kumhesabu mjukuu wangu miongoni mwa vyombo.

3. Kuhusu mzee wa kitini. Kulia uliweka mfalme mwenye ndevu nyeupe, amekaa juu ya kiti cha mawe, naye alitoka miguu juu kichwa chini. Ukasema akitoka hivyo ni mtu anayeng'ang'ania mamlaka ambayo hakuna anayemnyang'anya. "Jua lipo, Mwalimu," ukasema, "ila mlangoni amekaa huyu mzee, na hataki kupisha." Benadetha alicheka huko mbele nikamsikia, ingawa anadai alikuwa anacheka na mteja. Hivi ndivyo mnavyowaweka wastaafu huko Miembeni, kichwa chini kama popo? Nimelitafakari jambo hili kwa wiki kadhaa na nimegundua kwamba karata ile haikupinduka hata kidogo. Wewe ndiye uliyekaa upande usio sahihi wa meza. Kuhusu zile ndevu, nilinyoa zangu kesho yake asubuhi kwa sababu za usafi tu.

4. Kuhusu madhara niliyopata. Nilikataa maelezo yako nikabaki na karata niliyoivuta mwenyewe. Ile picha ya karata tatu uliyonitumia kwa WhatsApp niliikata pembeni mpaka likabaki Jua peke yake. Ilinichukua asubuhi nzima, na mara mbili nilijipiga picha puani kwa bahati mbaya. Nikamwonyesha Adventina, nikamwambia ni kadi ya heri niliyotumiwa, na kwamba Joyness anakuja Jumamosi. Adventina aliitazama sana, akauliza hili pindo jeusi linalochungulia pembeni ni la nini. Nikamwambia ni kivuli.

Tukajiandaa. Chumba cha Joyness kikapigwa chokaa. Mkungu mzuri kuliko yote kibanjani ukakatwa, na senene waliokuwa wamehifadhiwa tangu Novemba wakatolewa, wale ambao hata askofu alipopita kwetu hawakutolewa. Nikaweka kiti mlangoni nikakaa tangu saa tatu asubuhi. Hakuja. Jumamosi ya pili hakuja. Ya tatu ilinyesha, nikakisogeza kiti ndani kidogo. Ya nne Adventina alinijia akauliza kwa upole unaoumiza, "Waitu, Baba Joyness, huyo mtoto umemwita?" Nikamjibu kwamba jua haliitwi, linachomoza lenyewe. Aliniangalia kama mtu anavyomwangalia mgonjwa, akaenda kumenya ndizi.

Nikuambie ukweli, Ephrasia, siku ile niliumia. Kila pikipiki iliyopunguza mwendo pale njiapanda nilikuwa nasimama. Jioni tulikula wawili chakula cha watu sita, na hakuna aliyemwangalia mwenzake. Lawama hii naiweka mikononi mwako, kwa sababu kama usingewaketisha wale wawili karibu na Jua langu, naamini lingefanya kazi.

5. Kuhusu wizi wa utaalamu. Hili ndilo kubwa. Kukisoma kitu kizuri kwa kuangalia kilichokaa nacho si ujuzi ulioletwa na kozi yako ya mtandaoni. Ni ujuzi wetu sisi wazee, nasi tunautumia kwa watu. Kwetu mposaji haji peke yake, na mwenye nyumba mwenye akili hamtazami mposaji, anawatazama aliokuja nao. Yunus alipokuja nilifanya hivyo hivyo. Yeye mwenyewe, nakiri mbele ya karatasi hii, hakuwa na kasoro. Aliamkia vizuri, akakaa alipoonyeshwa, na wakati tunasubiri chakula akaitengeneza redio yangu iliyokuwa imekaa mwaka mzima bila kutamka neno. Inatamka mpaka leo.

Lakini kushoto kwake alikaa mjomba wake Riyadhi, mtu anayecheka kwa sauti kubwa kuliko kichekesho chenyewe. Na kulia alikaa shangazi yake Sada, ambaye aliuliza kwa adabu nyingi mno ni nani aliyemchinja jogoo. Nilikuwa nimemchinja mimi. Basi akala ndizi na maharage, akashukuru, akasifu upishi mara tatu. Mimi nikabaki namtazama jogoo wangu. Nikawasoma wote watatu kwa pamoja, kwa kanuni, na jibu likawa hapana. Joyness akaniambia, "Tata, umemwangalia kila mtu isipokuwa yeye." Nikamwambia akiondoka na hao asirudi. Ni mtoto mtiifu sana, hajarudi.

Kwa hiyo unaona jinsi kanuni hii ilivyo na nguvu, na kwa nini haifai kuachwa mikononi mwa watu ambao hata kustaafu hawajastaafu. Mzee akiitumia kwa kijana, hiyo ni busara. Kijana akiitumia kwa mzee, huo ni utovu wa nidhamu, na zamani ungechapwa.

6. Maombi yangu. Kwa heshima zote naomba karata njema zitengewe kisanduku chake, zisilale na nyingine, kama tulivyokuwa tukitenga mabweni. Mzee wa kitini akae wima wakati wote, na mbele ya wastaafu asitolewe kabisa. Nisomewe upya kwa karata moja tu, nayo iwe Jua, na ikitoka nyingine tuendelee kuvuta mpaka Jua litoke. Mwisho, nipewe tamko la maandishi lenye muhuri kwamba Joyness atakuja, likitaja ni Jumamosi ipi, kwa kuwa zile nne nilizozitumia zimeisha.

Usipotekeleza, nitapeleka shauri hili kwa mwenyekiti wa mtaa wako, kisha kwa diwani, kisha juu zaidi, mpaka itungwe sheria ndogo kwamba katika mkoa huu kila jambo jema lisomwe peke yake: mvua bila tope, kustaafu bila maumivu ya magoti, barabara mpya bila daraja lililovunjika mbele yake, na hotuba ya mgombea bila miaka mitano inayofuata. Sina shaka diwani ataiunga mkono kabla hajaisoma.

Msalimie mama yako, Ma Restituta, na umwambie mgongo wake tunauombea. Msalimie Benadetha, mwambie kiuno cha suruali amekipunguza kupita kiasi na sasa nikikaa sipumui. Wasalimie wateja wako wote, hasa wazee wa kanisa watakaokuja kujisitiri mvua.

Ni mimi niliyekufundisha kusoma, na kwa sasa najuta kidogo,

Mwl. Gozbert Kyaruzi

Nyongeza: Barua hii ilikaa mezani siku mbili ikisubiri mtu wa kuipeleka mjini. Jana Adventina aliikuta, akaisoma yote kwa kituo, akaweka simu juu yake, akatoka. Nikapiga. Alipokea Yunus. Aliniamkia kana kwamba tuliachana juzi, kisha akampa Joyness. Nilikuwa nimejiandaa kumweleza kwamba chumba kimepigwa chokaa. Nikajikuta nimesema, "Mwanangu, nilikosea." Akalia. Mimi pia nililia, hili lisifike kwa Benadetha. Kisha akasema, "Njoo Jumamosi, Tata. Ila usije peke yako. Ayubu anaogopa watu asiowajua."

Kumbe anaitwa Ayubu.

Nikauliza, je, huyo Ayubu anawajua akina nani upande wetu? Akasema anamjua bibi yake vizuri sana. Hapo ndipo nilipofahamu kwamba vikao vya akina mama vya kila mwezi, ambavyo nimekuwa nikimwombea Adventina safari njema kwenda kuvihudhuria, hufanyikia sebuleni kwa Yunus. Akasema na wewe anakujua, mama mdogo wa Miembeni anayemletea biskuti. Kuhusu ulikojulia habari za vile vikombe viwili, basi, sikuulizi.

Naomba uyafute malalamiko yote, kuanzia la kwanza mpaka la mwisho, na Jumamosi ufunge karata zako twende wote Muleba. Tukifika, Adventina akae kushoto kwangu na wewe ukae kulia, mnikaribie sana, msiache nafasi. Mtoto akitazama huku amwone bibi yake, akitazama kule akuone wewe, labda huyu wa katikati hatamwogopa.