Nahodha Asiyesikika

Jumatatu, 4 Machi
Likizo, siku ya kwanza. Jumamosi saa nane mchana tunacheza nusu fainali ya mchezo wa kuteka ngome kwenye kompyuta, watano kwa watano, kila mtu nyumbani kwake. Nahodha ni mimi. Mwalimu wa Hesabu, naibu wangu, kasema tukitolewa ipigwe kura upya. Mnafiki! Tena kasema uso wangu kwenye kamera unamharibia shabaha. Sawa. Nimeing'oa kamera juu ya skrini na kuitupa upande wa pili wa pazia, kwenye rafu ya vitambaa ya shangazi. Waya ulichomoka, nikauchomeka tena, nisije nikaisahau kamera ilipo. Shangazi ni fundi cherehani, na kati ya chumba chake cha kazi na changu kuna pazia tu. Alinikodolea macho tu. Mdomoni alikuwa na pini saba.

Jumanne, 5 Machi
Msiba! Hawanisikii. Natoa amri mpaka mishipa ya shingo inanisimama, wao wanadai wanasikia mashine. Mwalimu kauliza kama nimehamia kiwandani. Nimechunguza kitaalamu: kosa ni sponji ya maiki ya hedfoni. Nikaifua. Nikaianika dirishani. Ikapeperuka. Sasa maiki imevaa soksi, ile iliyopotelewa na mwenzake.

Shangazi kauliza nagombana na nani. Nikamwambia naongoza watu. Akaniomba niwaongoze polepole, ana bibi harusi anapimwa.

Jumatano, 6 Machi
Soksi imefanya kazi! Tumeshinda mazoezi yote matano, na katika mazingira magumu. Maana shangazi alikuwa akimpima bwana mmoja mnene, na kelele zake zilipenya pazia: geuka, rudi nyuma, inua mikono, usipumue. Mimi huku napiga kelele watu wasonge mbele! Fundi Friji, mlinzi wetu, akarudi nyuma, akageuka, akajikuta mgongoni mwa adui. Hakuwahi kunitii hivi. Kisha wote wanne wakainua mikono katikati ya daraja. Adui akadhani wamesalimu amri, akasogea, akamalizwa. Amri hiyo sikumbuki kuitoa, lakini kipaji hakina mipaka.

Mwalimu kakiri kwamba nahodha safari hii kapata sauti. Kaongeza kwamba ni sauti ya mzazi, ukiisikia unanyooka. Nimepokea pongezi.

Alhamisi, 7 Machi
Ushindi tena. Fundi Friji kaomba nahodha amkemee kidogo, eti akikemewa anacheza vizuri. Nikamkemea. Akasema anasubiri. Nikamkemea mpaka nikakohoa. Bado anasubiri! Mara shangazi akamfokea mteja aliyenenepa baada ya kupimwa. Fundi Friji akashukuru sana na kuangusha watatu.

Ijumaa, 8 Machi
Fundi simu kaja kuchukua shati lake. Kaona kamera kwenye vitambaa, kaufuata waya mpaka kwangu, kaitazama skrini, kacheka akakaa chini. Kasema kompyuta inachukua sauti kwenye maiki ya kamera. Hedfoni yangu haijafanya kazi tangu Jumatatu, na timu imekuwa ikimsikiliza shangazi. Bonyeza hapa, chagua hedfoni, basi. Sekunde tatu!

Nimeona aibu, sifichi. Kwa kama dakika mbili. Halafu nikapiga hesabu: kama wameshinda kwa amri za suruali, wakipata amri za vita itakuwaje? Nimechagua hedfoni.

Jumamosi, 9 Machi
Wamenisikia. Kila neno, hata pumzi. Tumetolewa kwa dakika kumi na moja.

Nilimtuma Fundi Friji kushoto na kulia kwa wakati mmoja. Alijaribu, maskini. Mwisho akauliza mama yuko wapi, ikabidi niungame kwamba ni shangazi. Kura zikapigwa papo hapo: shangazi nne, mimi moja. Hata Mwalimu hakujipigia! Roho imeniuma.

Jumapili, 10 Machi
Shangazi kakubali unahodha, mradi asisimamishe cherehani. Mazoezi ya ligi mpya ni kesho mchana. Sauti imerudishwa kwenye maiki ya kamera, hedfoni yangu wameizima. Mwalimu kasema niahidi tu kutii amri, waifungue mara moja. Niahidi! Mimi!

Mpango uko tayari. Kesho naingia kwa shangazi kama mteja, suti ya vipande vitatu, nasimama palepale kwenye rafu ya kamera. Yeye ananipima, mimi naongoza vita. Nimemwomba anipime taratibu. Kakubali, ila kaonya kwamba mteja wake anayeongea akipimwa huchomwa pini. Vitisho vya kawaida.

Soksi nimeifua. Kesho naivalisha kamera.