Niru Yangu, Mkaguzi na Tundu la Tatu

Nimeumbuka leo, jamani, na nimeumbuka kuanzia kiunoni kwenda chini.

Saa tano na robo asubuhi nilikuwa nimekaa kwenye sakafu ya choo cha wasichana, mguu wa kushoto nje, mguu wa kulia ndani ya shimo mpaka kwenye paja. Mkaguzi wa shule amenishika mkono. Mwenyekiti wa kamati ya shule amenishika mkanda wa suruali. Nyuma yao shule nzima imepanga mstari inaimba: "Karibuni wageni, mjionee wenyewe!"

Wakajionea.

Ngoja nirudi nyuma, maana Mwalimu Mkuu ameshaniandika kwenye grupu la wazazi, na alichoandika si ukweli wote.

Mimi ni Zakaria, fundi ujenzi, huku Kikwe mnanifahamu. Shule niliishia darasa la nne na nusu. Ile nusu ilibaki shimoni. Sisemi kwa mafumbo! Shule hii hii, vyoo hivi hivi, gogo la sakafu lilikatika nikazama mpaka kifuani. Wakanivuta kwa kamba ya mbuzi. Kuanzia siku ile jina langu likawa Shimo. Nilivumilia wiki mbili, nikaacha shule, nikaenda kubebea mafundi zege. (Mkaguzi alikuwa amepita muhula uliotangulia. Alioneshwa choo cha walimu.)

Sasa, Jumatano wiki hii Mwalimu Mkuu wetu, Mwalimu Nanyaro, akapigiwa simu: wathibiti ubora wanakuja Ijumaa. Hilo ndilo jina lao la siku hizi, sisi bado tunawaita wakaguzi. Mara ya mwisho kuja, mtoto wangu wa kwanza alikuwa anasoma hapo. Sasa hivi ana ndevu.

Basi shule ikaanza kuazima sura. Viti vya plastiki vikatoka kanisani. Mapazia yakatoka kwa mama mchungaji. Ndoo za koki zikatoka majumbani kwetu. Ya kwangu ikabandikwa karatasi, "Nawa Mikono", wakati ndani bado inanuka mbege, pombe ya ndizi tuliyokunywa kwenye kipaimara.

Jioni ile ile Mwalimu Nanyaro akaja nyumbani pamoja na Mwenyekiti Akyoo.

"Injinia!" akaniita.

Mnisikie vizuri. Miaka yote hii nimeitwa fundi, nimeitwa Shimo, sijawahi kuitwa Injinia. Nikatoa viti. Nikamwambia mke wangu alete chai, ya maziwa.

"Injinia, sakafu ya vyoo vya wasichana haina sura. Tupigie niru ya saruji hapo juu, ing'ae."

"Mwalimu, magogo ya chini yameoza. Kila tundu limebaki na gogo moja zima. Pale ni kubomoa, kusuka nondo, kumwaga zege na kusubiri likauke."

"Likauke lini? Wanakuja keshokutwa!"

Akyoo akapuliza chai yangu, akasema, "Zakaria, paka tu. Mkaguzi anakagua kwa macho, haji kurukaruka. Wakiondoka tunajenga cha maana."

(Wakiondoka! Wakiondoka mnalala mpaka simu nyingine ilie.)

Nilipaswa kukataa. Katika wanaume wote wa Kikwe, mimi ndiye niliyepaswa kukataa. Lakini lile neno Injinia lilikuwa limenikaa kichwani kama kofia mpya. Alhamisi nikapaka.

Na nikapaka haswa! Niru nyekundu, laini, unajitazama ndani yake. Binti yangu Ndeshi, kitinda mimba, yuko darasa la pili, alichungulia akaniuliza, "Baba, tutaingia na viatu?" Nikavimba kichwa zaidi.

Leo nikavaa suruali ya suti na viatu vya Jumapili, nikasimama kwenye mstari wa wadau. Mkaguzi akashuka kwenye gari: mama mmoja mfupi, miguuni raba. Akaletewa soda, akakataa. Mgeni wa ofisi akikataa soda, jua siku imeharibika.

"Madarasa tutayaona," akasema. "Kwanza, watoto wanajisaidia wapi?"

Mwalimu Nanyaro akatangulia huku anafuta jasho. Watoto wakaanza wimbo. Walikuwa wameagizwa wasinyamaze mpaka wageni wapande gari. (Agizo hili mlikumbuke.)

Tukafika. Tundu la tatu ndilo lililong'aa kuliko yote, akasimama hapo.

"Hongera, fundi. Hii ni kazi ya mikono yako?"

"Ndiyo, mama. Shikamoo." (Huenda nina umri wa kumzidi. Woga hauulizi umri.)

"Marahaba. Naomba mtoto mmoja aingie, atuoneshe anavyotumia choo, halafu anavyonawa."

Mwalimu Nanyaro akageuka, akamshika bega yule aliyefanyishwa mazoezi siku nzima jana. Ndeshi wangu. Kavaa soksi nyeupe. Anatabasamu. Anaanza kwenda.

Nikaruka mbele yake.

"Ngoja! Naingia mimi kwanza!"

"Kwa nini, fundi?" mkaguzi akauliza.

"Ndiyo desturi yetu mafundi, mama. Aliyejenga ndiye anayekanyaga wa kwanza."

Na kweli ni desturi. Ila anayekanyaga ni aliyejenga. Mimi nilipaka.

Akili yangu ilikuwa hivi: gogo zima la tundu la tatu liko upande wa kushoto. Nitakanyaga hapo, nitatoka, halafu nitamwita mkaguzi pembeni nimwambie ukweli. Nikainamisha macho nilitafute gogo. Nyekundu tupu! Laini mwanzo mpaka mwisho! Kazi yangu ilikuwa nzuri mno, gogo nimejifichia mwenyewe.

Nikakisia. Hatua ya kwanza, salama. Mwalimu Nanyaro akapiga makofi. Makofi yakanipa kiburi, nikapiga ya pili.

Krrrak.

Mwalimu Nanyaro akawapungia watoto mikono yote miwili wanyamaze. Wao wakadhani anawaongoza. Wakapandisha sauti ya pili na ya tatu! Na Akyoo, akiwa ameng'ang'ania mkanda wangu, akapaza sauti mbele ya mkaguzi, mbele ya walimu, mbele ya mwanangu:

"Shimo, usitikisike!"

Analijua jina. Tulisoma naye. Mwaka ule aliyeshika kamba ya mbuzi alikuwa yeye.

Wakanitoa. Mguu ulitoka, kiatu kikakataa. Mkaguzi akanipeleka kwenye ndoo ya koki, ile ile ya kwangu, ninawe, akanusa maji, akanitazama, akaandika kitu.

"Fundi, ulijua hapa chini pameoza?"

"Nilijua, mama."

"Mwalimu, na wewe?"

Mwalimu Nanyaro akasema huyu fundi ni mzito. Mkaguzi akamjibu, "Mwalimu, sijauliza kilo zake."

Akafunga matundu yote sita papo hapo. Watoto watatumia choo cha walimu mpaka kijengwe kipya. Alipokuwa anaingia garini akasema atarudi kuangalia.

"Lini, mama?" Mwalimu Nanyaro akauliza haraka. "Ili tujiandae."

"Ndiyo maana sikwambii."

Huyo ndiye mkaguzi! Waje hivyo hivyo, mara kwa mara, kama mvua ya Mlima Meru. Mvua haipigi simu, ndiyo sababu kila mtu anaziba paa lake mapema.

Nikarudi nyumbani kwa miguu, mmoja una kiatu. Ndeshi alinishika mkono njia nzima, hakucheka hata kidogo. (Mama yake alicheka kwa niaba ya ukoo.) Nikafungua simu, nikakuta ujumbe wa Mwalimu Mkuu: "Ajali ndogo imetokea kutokana na uzembe wa fundi."

Uzembe nakubali, sehemu yangu ninaibeba na harufu yake. Lakini Mwalimu Nanyaro, nani aliniita Injinia? Akyoo, nani alisema paka tu, na kamba ya mbuzi anaikumbuka? Na kama nisingemtangulia Ndeshi kuingia, mngeandika uzembe wa nani, wa mtoto wa darasa la pili?

Jumatatu saa moja asubuhi nawataka wote wawili mlangoni pa tundu la tatu, mnijibu mbele ya wazazi. Msiniambie hamkunitambua. Mimi ndiye nitakayekuwa na kiatu kimoja.