Nimeshapoa

Wananchi wote wa Bonde la Kilombero, wa ng'ambo hii ya mto na wa ng'ambo ile, walitangaziwa kwa kipaza sauti kwamba Chuo cha Tiba Bondeni kimehuisha mtaala wake, na kwamba kuanzia Jumatatu wagonjwa watakuwa wanapona kwa utaratibu. Gari la matangazo lilifika mpaka Mbingu. Lilikwama kwenye tope huko, lakini tangazo lilikuwa limeshafika.

Mwenyekiti wa Kamati ya Kuhuisha Mtaala, Dokta Gosbert, alikuwa mtu wa adabu. Hilo hata waliomchukia walilikubali. Alilelewa na bibi aliyeamini kwamba mtoto asiyeitikia salamu hafai hata kupewa maji. Kwa hiyo wadau walipolalamika kwamba madaktari vijana hawana utu, wanampima mtu kama gunia la mpunga, aliona pa kuanzia. Akapunguza saa za upasuaji, akapunguza za dawa, akaingiza somo la Pole: Pole ya Kwanza, Pole ya Pili na Pole Sana. Hii ya mwisho ilikuwa na mtihani wa vitendo.

Lakini kila umahiri sharti uwe na kiashiria cha mafanikio. Kamati ilitoka jasho, ikanywa soda, ikatoka jasho tena, mpaka mwenyekiti mwenyewe akapata ufunuo. Mtu akipewa pole hujibuje? Hujibu, "Nimeshapoa." Basi ushahidi wa kupona utoke kinywani mwa mgonjwa. Akilitamka tu neno hilo, mwanafunzi atabonyeza "Amepona" kwenye kishikwambi chake, na mgonjwa ataruhusiwa kwenda nyumbani.

"Na asipolitamka?" aliuliza Dokta Brigitha, mwalimu wa upasuaji, ambaye alikuwa na tabia ya kuuliza.

"Asiyeitikia pole atakuwa amezimia. Huyo mtibuni kwa njia zenu za zamani."

Wodi zikabaki nyeupe, vitanda vitupu. Habari zikafika Dodoma, na Dokta Gosbert akaalikwa kwenda kuwaeleza wakubwa siri ya mafanikio.

Wiki hiyohiyo, Bi Wilhelmina wa Michenga alimkuta kibarazani. Mguu wake wa kushoto ulikuwa umevimba hadi gotini.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Juzi nimeleta mguu huu hapa. Binti akanipa pole, nikaitikia, nikaambiwa nimepona."

"Ulisema umeshapoa?"

"Sasa ulitaka ninyamaze kama sikulelewa? Nimeitikia mimi. Mguu haujaitikia."

Dokta Gosbert alimfafanulia kwa upole kwamba, kwa mujibu wa mwongozo, mguu si mdau. Mama wa watu akashuka ngazi akichechemea. Ilikuwa aibu, na isemwe hivyo.

Asubuhi ya safari ya Dodoma, gari likiwa linamngoja getini, tumbo lilimkata Dokta Gosbert upande wa kulia, chini. Alijua papo hapo ni kidole tumbo, maana yeye alisomea mtaala wa zamani. Wakambeba hadi wodini.

Alimpokea Sikitu, mwanafunzi wa mwaka wa mwisho, aliyeongoza darasa zima katika Pole Sana. Sikitu aliinama, akaweka mkono kifuani, akalainisha sauti kama alivyofundishwa.

"Pole sana, Dokta."

Dokta Gosbert aliuma meno. Mtego aliutega mwenyewe, aliujua ulipo. Lakini ulimi ulikuwa wa bibi yake.

"Nimeshapoa, mwanangu."

Sikitu akabonyeza. "Hongera sana, Dokta!"

"Futa! Futa hilo, naumwa!"

"Mfumo haukubali. Aliyepona haugui tena mpaka kamati ikae, na kamati inaitishwa na mwenyekiti."

"Mwenyekiti si mimi? Naitisha!"

Sikitu alitazama kishikwambi kwa masikitiko. "Mwenyekiti yuko Dodoma, Dokta. Imeandikwa hapa."

Kwenye kitanda cha pili alikuwa amelala Bi Wilhelmina. Sikitu akamgeukia. "Shikamoo, bibi." Kimya. "Pole, bibi." Kimya. "Pole sana!" Bi Wilhelmina alikodolea macho dari, midomo ameibana.

"Huyu amezimia," alisema Sikitu. "Apelekwe kwa Dokta Brigitha."

Hapo ndipo Dokta Gosbert alipoangaza macho wodini. Ilikuwa imejaa. Watu wa Michenga, watu wa Lupiro, wote kimya, wote wamezimia macho makavu, wanasubiri zamu ya Dokta Brigitha.

Kitanda cha Bi Wilhelmina kilipokuwa kinasukumwa kupita mbele yake, mama huyo aliinua kichwa kidogo, akanong'ona.

"Baba, sisi tumeshaacha adabu. Hujasikia?" Kisha, kwa kuwa naye alilelewa, akaongeza, "Lakini pole."

"Nimeshapoa," aliitikia Dokta Gosbert.

Getini dereva akapiga honi. Wakubwa wa Dodoma walikuwa wanamsubiri aende akawaeleze.