Nimeuziba ukuta wa kale kwa simenti

Leo nimeaibika, tena kwa mikono yangu mwenyewe. Naandika mapema kabla shemeji yangu Bura hajawasimulia kwa mdomo wake.

Mnayajua yale magofu ya mawe kilimani kwetu, hapa Karatu. Leo afisa wa mambo ya kale alikuwa anakuja kuchagua mlinzi wa magofu hayo. Nafasi hiyo niliitaka! (Darasa la tatu sikumaliza, lakini uashi nimeufanya miaka arobaini. Nani mwingine?)

Alfajiri nikapanda kukagua. Aibu tupu! Mawe yamepangwa makavu, hata tope hakuna. Mgeni unamkaribishaje kwenye ukuta wenye matundu? Nikaagiza mifuko miwili ya simenti, bodaboda akaileta. Kufika saa nne upande mzima nimeuziba, na chokaa nyeupe juu. (Ulipendeza. Sisemi uongo.)

Afisa akafika, binti mdogo tu, kijiji kizima nyuma yake.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, binti yangu. Tazama kazi hiyo!"

Akatazama. Akaketi chini. Nikadhani ni uchovu wa safari.

"Mzee, nani amefanya hivi?"

"Mimi! Tena bure!"

Akafuta macho. Akaniambia taratibu kwamba sheria hairuhusu kugusa hata jiwe moja. Na kwamba ukuta ule umesimama mamia ya miaka kwa sababu fundi wake alijua jiwe gani likae juu ya lipi.

Hapo ningenyamaza. Wapi! "Ukuta bila simenti hausimami, binti. Fundi hapa ni mimi!"

Bura akakohoa. "Shemeji, na kile choo ulichojenga sokoni?"

(Kililala chini masika haya haya. Simenti mifuko kumi na miwili.)

Watu walicheka mpaka wakashikana mabega. Mke wangu akajifunika khanga usoni. Nikatafuta tundu la kujificha, yote nimeshayaziba!

Ulinzi kapewa Bura. Mimi nimepewa kijiti, nikwangue simenti kabla haijashika, nisikwaruze jiwe. Kijiti! Bura amekaa kwenye kigoda ananisimamia. "Polepole, fundi," anasema.

Na kila simenti inapobanduka, jiwe liko palepale lilipowekwa. Halitikisiki. Miaka arobaini najiita fundi, leo nimeanzishwa darasa la kwanza na marehemu nisiyemjua hata jina.

Atakayecheka, apande huku na kijiti chake.