Mume Wangu Hakufungwa!

Jumatatu, 1 Julai 1991

Wiki ya tatu ya ndoa. Hezroni bado ananiita ua lake, hata mbele ya watu! Leo kaenda Ipinda kuomba kazi ya kutunza stoo kwa hawa wanunuzi binafsi wa mpunga. Akipata, tunapanga chumba chetu. Asipopata, tunaendelea kulala katika jiko la shangazi yake hapa Busale, sisi na kuku.

Karudi anacheka. Ati karani wa pale ni Restituta, aliyesoma naye, na amemwambia meneja kuwa Hezroni ni mwaminifu. Mwaminifu! Yeye kajuaje? Sikula.

Jumanne, 2 Julai

Kikwazo ni kimoja. Mwezi Machi Hezroni alivuka mpaka, mto Songwe, kunitafutia viatu vya harusi. Mpenzi wangu! Akirudi, polisi wakawazoa watu wa sukari ya magendo, naye wakamzoa, viatu mkononi. Akawekwa mahabusu siku tatu, akaachiwa. Hakushtakiwa. Mahakama hakuiona. Lakini Busale nzima inamwita "yule aliyefungwa", na sehemu mbili zimeshamnyima kazi.

Mpango: nichukue barua ya polisi ya kumsafisha. Kazi itoke kwangu, si kwa Restituta! Askari kanisikiliza vizuri. Kasema mwenye kesi ana faili. Asiye na kesi wamwandikie nini? Nikamwambia waandike hivyo hivyo. Akanijibu, "Dada, nenda kampikie mumeo."

Alhamisi, 4 Julai

Hezroni kaanza kazi kwa majaribio! Nimempelekea viazi, nimevaa gauni langu la sendofu. Namkuta nani? Restituta, anammiminia chai. "Shemeji, ongeza sukari." Shemeji! Kaolewa na ndugu yupi wa mume wangu?

Kichwa kikawaka. Nikapaza sauti kwamba Hezroni alipokuwa mahabusu aliyempelekea chakula ni mimi, yeye alikuwa wapi na birika lake?

Wapagazi wakatua magunia. Meneja, Bwana Marcel, mtu wa Bukoba, akatoka ofisini taratibu. Akauliza: mahabusu ya nini?

Kumbe hakuwa na habari. Kumbe Restituta alijua, akamfichia mume wangu siri. Hezroni kanitazama tu. Macho yake mazuri jamani, hata yakiwa na huzuni!

Jumamosi, 6 Julai

Tumaini! Bwana Marcel kasema atakuja mwenyewe, asikie kwa familia. Shangazi akaamua nieleze mimi, kwa kuwa ndimi niliyekuwa nakwenda kituoni. Maneno nikayapanga vizuri. Nikatoka mbio kwa jirani kuazima sukari ya chai ya mgeni.

Narudi na mfuko wangu, hao hapo uani: Bwana Marcel, na aliyemwonyesha njia. Baba mkwe! Mwenyewe!

Ningefanyaje? Kwetu mke hakutani uso kwa uso na baba wa mumewe, wala hasemi mbele yake. Nikajitupia kitenge kichwani, nikatimkia migombani, sukari kifuani. Baba mkwe naye, kwa adabu, akatimkia upande wa pili. Mgeni kabaki peke yake na kuku.

Akamwuliza shangazi kwa nini watu wa nyumba hii wakimwona mgeni wanakimbia na sukari. Shangazi akamweleza mila yote. Akaitikia "ndaga, ndaga", shukrani ya Kinyakyusa aliyojifunza sokoni, akawasha pikipiki. Chai hakuingoja.

Jumatatu, 8 Julai

Kazi kapewa Zebedayo, mmoja wa wapagazi wale. Restituta kaniletea pole na ndizi. Ndizi sikuzigusa. Hezroni kazila zote!

Ijumaa, 12 Julai

Hezroni wangu kapata kazi! Duka la vitambaa, Kyela mjini, la mama mmoja Mwislamu, Fatu. Kule hakuna anayejua habari za Machi. Hezroni kanishika mikono yote miwili: tunyamaze tu, ua langu, chumba kinakuja. Nimeapa.

Kisha nikauliza huyo Fatu ana mume? Ni mjane, kasema. Umri? Akacheka. Kacheka, hakujibu!

Kesho nashuka Kyela. Sitagombana na mtu. Nitajitambulisha tu, na kumweleza yule mama, kwa ufupi, mimi na Hezroni tumetoka wapi.