Kadi Nyeusi na Gauni la Sesilia

Jumatatu, 4 Mei

Nimerudi kutoka maonyesho ya biashara ya Pazhou, huku kwa Wachina, miguu imevimba kama mihogo iliyolowekwa. Kwenye foleni ya treni nimekutana na Mwenda, Mkenya anayenunua viatu. Akatoa kadi. Nyeusi! Ya benki na shirika la ndege kwa pamoja. Ukiwa nayo unapumzika chumba cha wakubwa uwanjani, unakula bure, na unaongezewa begi zima bila kulipia. "Hii si ya kila msee, buda," akasema, akaifuta kwa leso. Akaifuta! Kadi!

Benki yangu ya Dar nayo inatoa kama hiyo. Ada ya mwaka inatisha. Lakini mimi ni muuza mikoba. Begi la bure!

Jumanne, 5 Mei

Nimempigia mke wangu Edina, kwa sauti ya mtu anayeuliza hali ya hewa. Akauliza kwa mwaka nasafiri mara ngapi. Mbili. Akauliza ada kiasi gani. Nikamtajia. Akasema: Baba Elinami, kwa hela hiyo hicho chumba kina godoro? Nikamweleza kwamba ukiigawanya ada kwa vitafunio vya bure, inajilipa. Akasema nikifika kitafunio cha mia nne nimpigie, aje na machela.

Haya. Inalipa au hailipi? Kwa safari mbili, hailipi. Ila begi la bure likipata kazi, inalipa. Basi nikaenda kulitafutia kazi.

Domina ni binti wa kwetu Bukoba, anasomea shahada ya uzamivu hapa. Mdogo wake, Sesilia, anafanyiwa sendofu, sherehe ya kumuaga bibi harusi, Jumamosi hii Dar. Domina hawezi kwenda, anatetea tasnifu wiki hii hii. Gauni la Sesilia na magauni ya wasimamizi wake yamejaza boksi moja. Alishapata msafiri wa kesho wa kumuuzia kilo, kama tunavyofanya sote hapa: mwenye nafasi kwenye begi lake huwauzia wenzake. Nikamwambia amwache huyo, mimi naondoka Alhamisi. Anko wake ana kadi, atapeleka bure.

Sina kadi.

Akauliza mara mbili kama nina hakika. "Anko, mimi siendi," akasema. "Hilo gauni ndilo linakwenda badala yangu." Nikacheka cheko la mwenye kadi. Kisha nikarudi haraka chumbani kujaza maombi.

Jumatano, 6 Mei

Imekubaliwa! Kwa sasa ipo kwenye simu, ya plastiki itafuata. Ada wameshakata. Hiyo hawakuchelewa nayo.

Nikashuka mtaa wa Guangyuan Xilu, kwenye maduka ya viatu, kumtambia Mwenda. Akaitazama, akaniuliza kwa upole wa kutia shaka: tiketi nililipia na nini? Kwa wakala wetu, mwezi uliopita, kwa WeChat, kama kila mtu. Akasema begi la bure ni kwa tiketi iliyolipiwa kwa kadi yenyewe. Nikambishia. Nikasoma masharti. Kweli. Nikambishia tena.

Yule msafiri ameshapaa. Domina ameleta boksi jioni. Ameandika SESILIA kwa kalamu nene pande zote. Akanipa shikamoo na pakiti ya biskuti za njiani. Nilikuwa nimwambie. Nikala biskuti.

Alhamisi, 7 Mei

Mwenda kanisindikiza uwanjani. Yeye anasema ni upendo. Mimi nasema alitaka burudani.

Mpango ulikuwa kuonyesha kadi kwa kujiamini sana. Binti wa kaunta akaitazama kadi, akanitazama mimi. "Mei you." Hakuna. Basi nilipie uzito wa ziada kwa kadi hiyohiyo! Ikakataa. Ada imemeza karibu mkopo wote. Nyuma yangu foleni inaguna kwa lugha nne.

Ninaruhusiwa mizigo miwili. Mbele yangu ipo mitatu: mabegi yangu mawili ya mikoba na boksi. Laoban, bosi wa kiwanda kule Shiling, alinitolea rangi ya kahawia ambayo Kariakoo nzima haina! Nikatazama lile jina. Lilinitazama pia, pande zote. Nikasukuma boksi kwenye mzani. Mwenda akaondoka na begi langu moja begani, akisema mikoba italala kwake salama, ila itachangia kodi.

Ningeishia hapo, ningekuwa mtu mwema.

Lakini chumba cha wakubwa kilikuwa bure kweli! Nikaapa kuila ile ada. Supu ya tambi. Mikate ya mvuke. Supu tena. Nipo kwenye tikiti maji, nikasikia jina likiitwa kwenye kipaza sauti. Limetafunwa vibaya, lakini ni langu. Mhudumu akanionyesha simu yake ya kutafsiri: usipopanda sasa, mizigo yako inashushwa.

Boksi!

Nikakimbia na supu mbili zikikimbia ndani yangu. Langoni wanafunga. Nikapiga kelele, "Harusi! Harusi!" kwa Kiswahili kitupu. Wakafungua. Labda walidhani bwana harusi ni mimi. Labda waliogopa nitatapika.

Ijumaa, 8 Mei

Dar. Boksi limefika kwa kina Sesilia. Sesilia amevaa gauni juu ya khanga, akampigia dada yake kwa video. Domina alikuwa anamwambia tu ageuke, ageuke tena. Mimi nimesimama kando nikipokea shukrani kama mtu aliyepanga yote.

Edina, aliyenisindikiza, akauliza kadi naifunga lini. Nikamweleza kwa utulivu kwamba kadi haina kosa. Tatizo ni safari chache! Akatoka nje.

Mwenyekiti wa kamati ya harusi alikuwepo, akaulizia suti za wanakamati za harusi yenyewe, mwezi wa saba. Nimemwambia asinunue hata moja, nazifuata mwenyewe mwezi ujao, bure. Zitahitaji begi la pili. Bahati nzuri benki inatoa kadi ya nyongeza kwa mke, yenye begi lake na ada yake. Nimeshajaza maombi.

Edina bado hajui. Nataka iwe zawadi.