Ng'ombe Kumi na Hadhi Yangu

Alhamisi, 12 Juni 2025

Keshokutwa tunakwenda Kisesa kujadili mahari ya Selina. Mshenga ni baba mdogo Yeremia, mfanyabiashara wa dagaa pale Mwaloni, Kirumba. Amenifichulia mbinu yake: ataniponda mbele ya wakwe, kama wateja wanavyoyaponda magunia yake, ili ng'ombe wapungue. Tunao kumi. Wa kumi na moja hatuna, na bila mahari hakuna Selina. Mimi ninyamaze tu.

Nilimfahamisha kwamba kutweza huko Waingereza hukuita disparage, na kwamba hapo kale neno hilo lilimaanisha kumwoza mtu kwa asiye wa hadhi yake. Hatari iliyoje! Akajibu kwamba Waingereza hawatoi ng'ombe, nishike sindano nimsaidie kushona magunia.

Nimeapa kunyamaza.

Jumamosi, 14 Juni

Maafa!

Mzee Luhende, babaye Selina, alitaja ng'ombe kumi na wanne. Baba mdogo akaguna kwa huzuni. Akasema kijana mwenyewe ndiye huyu, shahada yake ni ya kufunikia mtungi wa maji, na jembe hulishika kama kalamu. Nilivumilia. Akasema hata ndoa yenyewe huenda ikamshinda. Nilivumilia. Aliposema nilifaulu kwa bahati, nilisimama.

Nilieleza ufaulu wangu mwaka baada ya mwaka. Dakika ishirini, bila kutazama karatasi. Wazee walinisikiliza kwa heshima kubwa mno. Shangazi Dorotea, wa upande wetu, akapiga vigelegele. Mzee Luhende akamshukuru baba mdogo kwa kuwaletea profesa, kisha akapandisha hadi kumi na wanane. Profesa, alisema, haoi kwa mahari ya mpiga debe.

Baba mdogo alishuka basi Buzuruga, njiani kurudi nyumbani. Hapo alitamka neno moja la Kisukuma. Sitaliandika.

Jumatatu, 16 Juni

Mkakati mpya: kujidunisha mwenyewe. Nilikwenda Kisesa peke yangu, shati limechanika, kandambili za rangi mbili. Nikaamkia shikamoo huku nimeinama. Mzee akaitikia, marahaba, profesa. Nikasema mimi si lolote, si chochote. Akaguswa sana. Msomi, na bado mnyenyekevu! Kumi na tisa.

Selina aliacha kuchambua choroko akanisindikiza hadi barabarani. Hakucheka. Aliniuliza kama nataka kumwoa yeye au nataka kushinda. Nilianza kutofautisha dhana hizo mbili. Akaniambia ninyamaze, nimwachie yeye.

Alhamisi, 19 Juni

Kumi! Ng'ombe kumi! Harusi ni Septemba!

Jana Selina alimkalisha baba yake akamweleza ukweli. Kwamba nilimfukuza kuku wa bibi yake hadi kuku akachoka mwenyewe, akaingia bandani kulala. Kwamba kivuko kiliniacha nikibishana na mkata tiketi kuhusu maandishi ya tangazo. Kwamba nilimsahihisha katekista katikati ya sala. Na kwamba, pamoja na hayo yote, anamtaka huyu huyu. Mzee Luhende alicheka akashika mbavu, akasema mtu wa namna hii ni wa kusaidiwa, si wa kukamuliwa. Baba mdogo amenunua sangara mzima na ananiita bwana harusi.

Furaha yangu haina kifani. Selina wangu!

Hata hivyo, haki itendeke. Kuku yule alikuwa na kasi isiyo ya kawaida, na katekista alikosea kweli. Nimeanza kumwandikia baba mkwe waraka wa kuweka kumbukumbu sawa, hoja kwa hoja. Nimefika ukurasa wa saba. Nitaambatanisha vyeti. Kesho asubuhi naupeleka mwenyewe Kisesa.